Paa la Marafa, Miti ya Mufindi

Nyinyi mlio Mambrui na Gongoni, mlio Garashi na Baricho, na hasa nyinyi wa kwetu Marafa, ambao saa hii bonde letu la Nyari limeanza kuwabadilikia rangi na magari ya watalii yameshageuza njia kurudi Malindi, nisikilizeni. Leo sikuja na siasa. Nimekuja na mbao. Nasema zile mbao za kuezekea, zinazouzwa kwa futi, zinazofungwa juu ya keria ya matatu na kitambaa chekundu kikapeperushwa nyuma.

Nimetoka kuezeka. Mama yangu mdogo, baada ya mvua tatu za kulala na sufuria kitandani, aliamua kwamba makuti sasa basi, anataka mabati. Tukachanga, tukashuka Malindi, tukarudi na mbao. Fundi wetu ni mzee ambaye ameezeka nusu ya nyumba za mtaa wetu. Kabla hajagusa msumeno aliokota mbao moja, akainusa, akaitazama kichwani pale ilipokatwa, akahesabu kitu kwa ukucha.

"Hii si saiprasi, mwanangu," akaniambia. "Hii ni paini. Na imevuka mpaka."

Nikamuuliza, "Mzee, umejuaje?"

"Saiprasi ina harufu yake, hata ikikauka. Hii inanuka utomvu. Halafu tazama duara zake zilivyo pana. Mti huu ulikua mbio, na haukuachwa uzeeke."

Nikampigia simu muuzaji. Yule bwana akacheka. Ya Tanzania, akasema, na ghala lake karibu lote ni la Tanzania. Ya Kenya nikiiona mahali nimwambie na yeye akanunue. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, wala si kwa sababu ya mvua. Nikawa najiuliza: Kenya ina misitu ya kupandwa tangu enzi ya mkoloni. Ilikuwaje nyumba ya Marafa ikaezekwa kwa miti ya Mufindi, kule Tanzania?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wataalamu wakisema mbao laini hawapimi kwa kidole. Wanataja ukoo wa miti: ile yenye majani ya sindano au magamba, kama msonobari ambao sokoni tunauita paini, saiprasi, mwerezi, na podo. Mbuyu wetu, ambao unaweza kuutoboa kwa panga, kwa hesabu yao uko upande wa mbao ngumu. Tuwaachie hesabu yao. Linalotuhusu ni kwamba miti hiyo ya sindano inapenda baridi, na Pwani baridi hatuna. Kwa hiyo paa la mabati la Pwani limejengwa juu ya baridi ya watu wengine. Ama ni baridi ya Elburgon, Molo na Londiani, ama ni ya Iringa na Njombe.

Na kabla ya mabati je? Hapo mambo yalikuwa mengine. Nyumba ya makuti ilisimama kwa miti ya jirani: nguzo, mtambaapanya, mwamba, kombamoyo na fito, vyote vikiwa vya mviringo, vikifungwa kwa kamba. Makuti hayadai mti ulionyooka sana. Bati ndilo lenye kiburi. Linataka mbao iliyopasuliwa ikawa na pembe nne, iliyolala sawa, inayoshika msumari bila kupasuka. Siku tulipohama kutoka makuti kwenda mabati, tulihama pia kutoka msitu wa nyuma ya nyumba kwenda sokoni, na sidhani kuna aliyetuambia.

Tena Pwani hii ilikuwa muuzaji, si mnunuzi. Boriti za mikoko kutoka Lamu upande wa Kenya, na kutoka delta ya Rufiji upande wa Tanzania, zilipakiwa majahazini zikaenda Ghuba na Bara Arabu kwa karne nyingi. Mtu aliyeingia nyumba ya kale ya mawe, iwe Lamu, Zanzibar au ng'ambo kule, ameona vyumba vilivyo vyembamba na virefu. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje. Kumbukeni neno hilo, marufuku, maana litarudi.

Sasa mbao laini. Nchi hizi mbili zilianza karibu sawa, na zilianza na penseli. Mti wenyewe ni mwerezi wa milimani. Mbao yake inachongeka bila kukatika vipande, na Wazungu waliipenda kwa kutengenezea penseli. Upande wa Tanzania, kwenye milima ya Usambara, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kijerumani ilijenga njia ya waya kutoka msitu wa Shume, ikiteremsha magogo angani hadi Mkumbara, yakapokelewa na reli iendayo Tanga. Upande wa Kenya walowezi walipewa misitu mikubwa kando ya reli kule juu ya Bonde la Ufa, na Ewart Grogan ndiye anayetajwa zaidi, wakakata mwerezi na podo. Biashara ilikuwa nyepesi: unakata ulichokikuta, unapeleka bandarini. Aliyepanda ni Mungu.

Mwerezi unachukua vizazi kukomaa, kwa hiyo hesabu hiyo haikuweza kudumu. Wakoloni wa pande zote mbili wakatafuta miti inayokua upesi, na hapa kuna jambo lililonichekesha nilipolijua. Saiprasi tunayoiita mbao ya Kenya, asili yake ni Mexico na nchi jirani zake. Paini tunayoiita mbao ya Tanzania, ile inayopandwa zaidi kule Mufindi, asili yake ni Mexico vilevile. Mafundi wetu wanabishana Kenya na Tanzania juu ya ndugu wawili wa Mexico.

Kenya ilitangulia. Tangu mwaka 1910 kulikuwa na mpango wa shamba: mkulima anapewa kipande cha msitu uliokatwa, analima mahindi na viazi kati ya miche, anaipalilia miche hiyo huku akipalilia chakula chake, na miche ikishamfunika kwa kivuli anahamishiwa kipande kingine. Kulikuwa na unyonyaji ndani yake, wala sitauficha, maana mkulima hakumiliki kitu. Lakini miti iliota. Kufikia uhuru na miaka iliyofuata, Kenya ilikuwa na viwanda vya kupasua mbao Elburgon, Molo na Eldoret, na katika miaka ya 1970 kiwanda cha karatasi cha Webuye kikaanza kazi. Mtu wa Malindi wa wakati ule akinunua mbao alikuwa ananunua ya bara, na bara maana yake ilikuwa Kenya.

Tanzania ilikuwa nyuma kidogo, lakini ilipanda kwa wingi mahali pamoja. Huko Sao Hill, wilayani Mufindi, majaribio yalianza mwaka 1939. Upanzi mkubwa ukaja baada ya uhuru, na katika miaka ya 1970 Benki ya Dunia ikaongeza fedha. Eneo lote la shamba lile linapita hekta 130,000, ingawa si lote lililo na miti ya kupandwa. Lengo lilikuwa kulisha kiwanda cha karatasi, na kiwanda kikajengwa kweli, kule Mgololo, kikafunguliwa katikati ya miaka ya 1980.

Halafu ukatokea ugomvi. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Karibu miaka saba. Wazee wa Lunga Lunga na Vanga wanaweza kukusimulia jinsi watu waliotenganishwa na ndugu zao walivyokuwa wakipita vichakani usiku kwenda harusini. Biashara ya halali ya mbao kati ya nchi hizi mbili haikuwepo. Ila paini za Sao Hill hazikuwa na habari ya mpaka. Ziliendelea kunenepa kila mvua. Ule mti uliopandwa mwaka 1975, na paini ya mbao ikihesabiwa miaka 25 hivi hadi kukatwa, ungefika makamo mwaka 2000.

Na mwaka 2000 Kenya ilikuwa wapi? Kenya ilikuwa imejifungia. Mwishoni mwa mwaka 1999 serikali ilizuia ukataji katika misitu yake. Sababu zilikuwepo. Misitu ilikuwa ikigawanywa kama keki ya arusi; mapema mwaka huo Wangari Maathai alipigwa katika msitu wa Karura alipokwenda kupanda miti mahali palipokuwa pamegawiwa wajenzi; na mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa hekta zipatazo 67,000 kwenye hifadhi. Mpango wa shamba nao ulikuwa umeharibika: watu walikata, kisha hawakupanda. Mwaka 1990 vidukari wa saiprasi walikuwa wameshaingia nchini na kukausha miti mingi. Kwa hiyo marufuku haikutoka hewani. Kasoro yake ni kwamba makampuni machache makubwa yaliachiwa yaendelee kukata, na wapasuaji wadogo wakaambiwa wakae nyumbani. Marufuku yenye mlango wa nyuma, basi. Ilikaa zaidi ya muongo mmoja kabla ya kulegezwa.

Pigeni hesabu, wasikilizaji. Miti ya Tanzania inafika umri wa kukatwa. Msitu wa Kenya unafungwa. Mkataba mpya wa Jumuiya unatiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na kuanzia Januari 2005 Umoja wa Forodha unaanza kuondoa ushuru kati ya nchi wanachama. Mambo matatu yakaangukia wakati mmoja. Hakuna aliyekaa kitako akapanga kwamba Marafa iezekwe kwa paini ya Mufindi. Mambo yalijipanga yenyewe, lori likafuata.

Fedha nazo zikafuata. Kiwanda cha Mgololo kilipobinafsishwa mwaka 2004, aliyekichukua ni kundi la Rai, lenye mizizi yake Kenya. Webuye ikafunga mwaka 2009, na ilipouzwa mwaka 2016 mnunuzi alikuwa kundi hilohilo. Mtu mwenye mtaji hana mbao ya kwetu na mbao ya kwao. Anatazama miti iko wapi.

Kisha Februari 2018, miaka michache tu baada ya mlango kufunguliwa, ukafungwa tena. Mito ilikuwa imekauka, Nairobi ikiwa na mgao wa maji, na William Ruto, aliyekuwa naibu wa rais wakati huo, akatangaza kusimamisha ukataji kwa siku 90. Siku 90! Ziliongezwa, zikaongezwa, zikawa miaka mitano. Julai 2023 ni Ruto yuleyule, sasa akiwa rais, aliyesimama Molo na kuondoa marufuku, kwa hoja kwamba miti iliyokomaa inaoza msituni wakati vijana hawana kazi na mbao zinaagizwa kutoka nje. Chama cha Wanasheria kikakimbilia mahakamani, na mahakama ya mazingira na ardhi ikasimamisha agizo lake kwa muda.

Niseme ninavyoona mimi. Siwezi kuitukana marufuku, kwa sababu naishi mwisho wa mto. Athi unaanzia nyanda za juu kule Nairobi na Kiambu, unaitwa Galana ukifika kwetu, kisha Sabaki, na baada ya safari ndefu unamwagika kaskazini mwa Malindi ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Nendeni ufukweni mvua za bara zikishanyesha: bahari ni tope hadi upeo wa macho. Ule ni udongo wa watu. Na sisi wa Marafa tunaishi kando ya Nyari. Hadithi tunayowapa wageni ni ya familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa mpaka ardhi ikaimeza. Nadhani mnajua kwamba mvua ndiyo iliyolichonga bonde lile, na kwamba kila masika linameguka tena. Mtu wa Marafa hahitaji kufundishwa maana ya ardhi isiyo na kinga.

Lakini msitu wa asili ni kitu kimoja, na shamba la saiprasi ni kitu kingine. Shamba la saiprasi ni shamba, kama la mahindi, ila mavuno yake ni ya miaka 30. Ukilifunga, chanzo cha mto hujakigusa: umemzuia mkulima kuvuna. Na ukishamzuia kuvuna, hapandi. Kosa la marufuku zile, machoni pangu, ni kufunga milango miwili kwa ufunguo mmoja. Wizara yenyewe inayosimamia misitu ilitoa uchambuzi mwaka 2013 uliosema Kenya inahitaji mita za ujazo milioni 41.7 za mazao ya miti kwa mwaka, na uwezo wake wa kutoa ni milioni 31.4. Sehemu kubwa ya hizo ni kuni na mkaa, sawa, lakini pengo lilikuwa milioni 10 na ushei, na pengo halikai wazi. Hujazwa na mti wa mtu mwingine. Nyumba zinazojengwa hazikupungua hata moja kwa sababu msitu umefungwa Londiani.

Hapa nataka niwavushe bahari kidogo. Huko Amerika ya Kaskazini kuna ugomvi wa mbao laini uliokwisha kuwa mzee. Kanada inauza, Marekani inanunua. Mwaka 1982 wapasuaji wa Marekani walilalamika mara ya kwanza kwa mtindo tunaoujua leo: miti ya Kanada, walisema, kwa sehemu kubwa imesimama kwenye ardhi ya serikali za majimbo, nazo zinawauzia wapasuaji wao mti uliosimama kwa bei ya chini, hiyo ni ruzuku iliyofichwa. Marekani miti mingi ni ya watu binafsi, na bei yake huamuliwa na soko. Wakabishana, wakapatana, wakavunja mapatano. Mkataba wa mwaka 2006 ulikwisha Oktoba 2015, ushuru ukarudi mwaka 2017, na mwaka 2025 Marekani ikaupandisha, kisha ikaweka mwingine wa asilimia 10 juu yake, jumla ikafika karibu asilimia 45. Zaidi ya miaka 40 wanagombana juu ya mbao za inchi mbili kwa nne. Nasi tunajiona wagomvi!

Sasa tazameni kwetu. Tanzania nayo ina miti mingi ya mbao laini kwenye ardhi ya serikali. Wakala wa misitu, TFS, ndio unaouza mti uliosimama pale Sao Hill. Kenya vilevile, kupitia shirika lake la misitu, KFS. Kwa nini basi Kenya na Tanzania hazikupelekana kortini juu ya mbao? Si kwamba tunapendana mno. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, malori yakalala Namanga, na ilibidi Rais Samia wa Tanzania aje Nairobi mwezi Mei ndipo mambo yapoe. Tumegombana juu ya mahindi, maziwa, vifaranga, hata magari ya watalii. Mbao laini hazikupata ugomvi wa namna hiyo, na sababu nadhani ni hii: ugomvi wa Kanada na Marekani unahitaji mpasuaji wa Marekani mwenye magogo yake, anayeumizwa na bei ya jirani. Mpasuaji wa Elburgon hakuwa na magogo. Aliyemnyima ni serikali yake mwenyewe. Angemshtaki nani kwenye korti ya Jumuiya kule Arusha?

Kwa hiyo ukichora mistari miwili ya biashara hii kwa miaka 60, mmoja wa Kenya na mmoja wa Tanzania, utaona mstari wa Kenya ukianza juu kisha ukikatika, ukiungwa, ukikatika tena. Wa Tanzania unapanda polepole kama mtu anayepanda mlima kwa fimbo. Mpakani yameamuliwa machache mno. Mengi yaliamuliwa siku mtu fulani, kule Mufindi au Londiani, alipotia mche shimoni au alipoacha kutia.

Ila tusiwapambe Watanzania kuliko wanavyostahili. Miti ya miaka ya 1970 ilishakatwa mingi. Soko lilipopamba moto, mkulima wa Njombe, Makete na Kilolo aliona, akapanda paini kwenye shamba lake mwenyewe. Walimu, wauguzi na watumishi wa Dar es Salaam nao wakanunua ekari kule wakapanda kama watu wanavyoweka akiba benki. Hongera kwao, kweli. Lakini mwenye akiba ndogo akipata shida ya karo au ya hospitali, anavunja kibubu. Miti mingi ya watu inakatwa kabla haijafika hata miaka 12. Inapasuliwa papo hapo kwa mashine ndogo za kuhamishika, zenyewe zinaitwa dingidongi, na msumeno wake mnene unakula sehemu nzuri ya gogo ikawa vumbi. Mbao inayotoka ni changa, ina vifundo vingi, na maji bado yamo ndani.

Mbao hiyo inapakiwa mbichi. Inatoka Mafinga, inateremka Iringa, inapita Morogoro na Chalinze, inakunja Segera kwenda Tanga, inavuka Horohoro na Lunga Lunga, inavuka Likoni, inapanda Kilifi na Malindi, inapita daraja la Sabaki, inapinda Marikebuni, inafika Marafa. Zaidi ya kilomita 1,000. Nimepiga hesabu ya kutoka Elburgon: ingekuwa chini ya 900. Si tofauti ya kutisha, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Tungekuwa na mbao ya kwetu, ingeshindana. Njiani huko kuna mageti, kuna hati za kusafirishia mazao ya misitu, na kuna makaratasi yasiyolingana na mzigo. Mwaka 2015 nchi hizi mbili pamoja na Uganda, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao, na shabaha yake kubwa ilikuwa mbao ngumu. Paini mbichi ya mkulima hakuna anayeililia.

Anayeililia ni mwenye nyumba. Mbao changa na mbichi ukiipigilia juu ya ukuta wa Marafa, chini ya bati, kwa jua letu lile, inakauka kwa wiki mbili na inajikunja kama samaki kwenye kaango. Bati linanyanyuka, msumari unatoka. Halafu anakuja mchwa. Mchwa wa Marafa hasomi azimio wala mkataba. Fundi wetu alizisimamisha mbao zote kivulini wiki tatu, akiweka vijiti kati yake hewa ipite, mama mdogo akinung'unika kwamba mvua inakuja na mzee huyu anafuga mbao kama kuku. Kisha akazipaka oili chafu aliyoipata kwa makanika wa Malindi, miguu ya kila kenchi mara mbili. Na kenchi zenyewe akazisogeza karibu kuliko ramani ilivyosema.

"Mbao ya zamani ningeacha futi nne," akaniambia. "Hii siiamini."

Nanyi mkienda kununua, fanyeni alivyofanya yeye. Tazameni kichwa cha mbao. Duara zikiwa pana na chache, mti ulikuwa mtoto. Iinueni, ikiwa nzito kuliko umbo lake, ina maji. Ichungulieni kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha kama mtu anayelenga bunduki. Na pimeni kwa tepu yenu, kwa sababu inchi mbili za mashine ya porini mara nyingi ni inchi moja na nusu iliyojivika kilemba.

Kuna wanaosema tuachane na paini za watu, tupande zetu. Pwani mti wetu wa haraka ni mvinje. Watu wa Kilifi wameuza nguzo za mvinje miaka mingi, na yale machimbo ya Bamburi yaliyokuwa jangwa la mawe, René Haller alianza kuyafufua mwaka 1971 kwa kupanda mvinje. Kituo cha utafiti wa misitu kiko Gede hapa karibu, na kina watu wanaojua miche inayovumilia chumvi na ukame. Kwa nguzo, kwa baraza, kwa ua, mvinje hauna mpinzani. Kwa kenchi ya bati bado sijashawishika. Unapinda na kupasuka usipokaushwa kwa ustadi, na mafundi wetu wengi hawajazoea kuupasua. Nguzo za baraza la mama mdogo ni za mvinje, kutoka kwa jirani, na hazikuvuka hata barabara.

Siku ya mwisho tulipungukiwa mbao moja, ile ya kupita kati ya kenchi mbili upande wa jikoni. Malindi ilikuwa mbali na jua limeshatua. Mama mdogo akaenda nyuma ya nyumba, akarudi akiburuta boriti ya mkoko iliyokuwa kwenye nyumba ya baba yao, nyeusi, ina masizi ya moshi wa miaka. Fundi akaipiga kwa nyundo mara moja, ikalia. Akaichonga upande mmoja ikae sawa na paini, akapanda nayo. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ukapinda. Wa tatu akautia mate, akaupiga taratibu, ukaingia nusu.

"Hapo hapo unatosha," akasema, akaomba chai.